Swali la Mghoi

Kwanza naona viatu vyenu. Mkija kwangu hapa Kaloleni na viatu vyeupe visivyo na hata chembe ya vumbi la Voi, najua mmeshuka kwenye treni mkachukua tuktuk mpaka mlangoni, na najua kesi mliyokuja kuniuliza hamjaikanyaga. Msinikasirikie. Nimestaafu, magoti yananiuma, na starehe niliyobaki nayo ni kuwasema watoto wa watu. Lakini mkitaka kuwa mawakili wa maji, misitu na wanyama, hapo kwenye viatu ndipo tutakapoanzia.

Mimi nilifundishwa kazi na Mzee Mwadime, wakili wa hapa Voi, Mungu amlaze pema. Nilifika kwake nikiwa nimetoka chuo kikuu na kichwa kimevimba. Baba yangu alitoka magharibi akaletwa na reli, akafunga ndoa, akanizaa hapa hapa, kwa hiyo nilijiona mwenyeji na msomi kwa pamoja. Mzee Mwadime alinipa faili la kesi ya msitu uliokatwa, akanikataza kulifungua. Alisema niende kwanza niuone huo msitu, nikae na watu, nile chakula chao, nirudi, ndipo nisome. Nilidhani ni mzaha. Nilipanda mlima na viatu vya kisigino, nikashuka nimevibeba mkononi. Lakini nilipolifungua lile faili, niliona mara moja kwamba ramani iliyokuwa ndani ilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kufika huko. Kesi tukaishinda.

Jambo la pili alilonifundisha lilinigharimu aibu. Alisema ukisimama kumhoji shahidi wa upande wa pili, usimuulize kamwe swali ambalo hulijui jibu lake. Kila wakili duniani huambiwa hivyo, na kila wakili hulisahau mara moja. Mimi nilisahau nikiwa namtetea jamaa mmoja wa Miasenyi aliyeshtakiwa kwa kupatikana na nyama ya digidigi. Wakati huo nilikuwa nachukua kesi yoyote iliyopita mlangoni. Askari wa wanyamapori alisimama kizimbani, mtu mpole, na mimi nikajifanya simba. Nikamuuliza alijuaje kuwa ile ni nyama ya digidigi wala si mbuzi. Akasema, "Mshtakiwa mwenyewe alinikaribisha mezani. Aliniambia nionje, mbuzi hana utamu kama huu."

Korti nzima ilicheka, hakimu akiwemo. Mteja wangu naye alicheka, masikini, mpaka aliposomewa hukumu. Tangu siku hiyo sheria ile ya Mzee Mwadime niliishika kama amri ya Mungu, na kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwangu nilimkaririsha: hujui jibu, usiulize.

Sasa niwaambie habari za Mghoi, maana ndiye mliyetaka kumsikia, najua. Mnamwona siku hizi akihojiwa kwenye redio mnadhani alizaliwa hivyo.

Alikuja ofisini kwangu akiwa binti mwembamba, sauti ndogo, Mtaita wa Mbololo. Wanagenzi wengine walikuwa wanaandika hoja kurasa kumi, yeye anaandika mbili. Nilimwona mzembe. Kisha nikazisoma hizo mbili, nikarudia, na sikupata neno la kuondoa. Kitu kingine nilichokiona mapema ni kwamba watu wakija kueleza shida zao, alikuwa haandiki chochote mpaka wamalize. Anawatazama tu. Mimi nilikuwa nimeshajaza daftari na sijaona kwamba mtu analia.

Kesi iliyomtoa ilikuwa ya chemchemi moja kule kwao Mbololo. Nyinyi mliozoea mfereji hamtaelewa haraka. Watu wa mteremko ule walikuwa na chemchemi hiyo moja tu ya kutegemewa. Wenzao wa Sagalla wanajua maana ya kumwamsha mtoto alfajiri akatafute maji kabla ya shule. Hawa wa Mbololo walikuwa wameepushwa na balaa hilo kwa sababu ya maji yale. Kisha ikaja kampuni ya kuchimba mawe ya kokoto. Ikapewa leseni ya kupasua mwamba kwa baruti, na mwamba wenyewe ndio huo huo chemchemi inakotokea chini yake. Pasua mwamba, maji yapotelee ardhini, na mteremko mzima uhame. Hilo ndilo lililokuwa mezani.

Kampuni ilisema hakuna chemchemi. Eti kile ni kijito cha msimu, kila kiangazi hukauka kabisa, basi hakuna cha kulinda. Na waliyemleta kusema hivyo hakuwa mgeni. Alikuwa Mzee Maghanga, mwenye shamba lenye hayo maji, shamba aliloachiwa na baba yake. Alikuwa ameikodishia kampuni. Mzee anayeheshimika, mtu wa kanisa, akiandika kwenye taarifa ya ushahidi kwamba tangu utotoni ameona mahali pale pakikauka kila mwaka. Sisi tulikuwa na nani? Tulikuwa na dada yake mdogo, Wakesho, aliyeteka maji pale maisha yake yote.

Mtauliza kwa nini hatukuchukua tu picha. Swali zuri, mmeanza kuamka. Kampuni ilikuwa imezungusha ua wa seng'enge, na aliyekuwa na ufunguo wa lango ni Mzee Maghanga. Mtaalamu wetu wa maji alifika kabla ya ua, lakini alifika wakati wa mvua, na wakati wa mvua hata barabara ya Voi ina maji. Tuliomba jaji aende akajionee. Akasema atakwenda baada ya mashahidi. Nasi tukiangalia mawingu tunajua mvua za vuli ziko karibu, na zikishanyesha, safari ya jaji haitakuwa na maana. Chukueni hilo mliweke akilini: chemchemi hushuhudiwa kiangazi.

Siku ya kesi nilimwachia Mghoi amwongoze Wakesho. Nilikaa kando yake na joho langu, nimetulia, najua huyu mama ataeleza vizuri kwa sababu nilishamsikia nyumbani kwake. Wakesho akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa. Mghoi akamuuliza jina, akajibu. Akamuuliza anaishi wapi, akajibu. Akamuuliza anaifahamu vipi ile chemchemi. Kimya.

Akaulizwa tena. Kimya. Macho yake yalikuwa kwa kaka yake, aliyekaa benchi la nyuma, bado hajaambiwa atoke nje kama mashahidi wengine. Wakili wa kampuni akaanza kupanga karatasi zake kwa furaha. Mimi nikamkanyaga Mghoi mguu chini ya meza nikimaanisha amsukume shahidi, amkumbushe, afanye lolote. Yeye akageuka kwa jaji, akaomba kesi iahirishwe. Jaji akauliza sababu.

"Mheshimiwa," Mghoi akasema, "shahidi wangu ana hasira na ndugu yake."

Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke. Wakili wa kampuni alicheka waziwazi. Jaji, mama mmoja mtaratibu ambaye si wa pande hizi, alivua miwani akamtazama mtoto yule kwa muda. Akasema amesikia sababu nyingi, wakili kafiwa, faili limepotea, shahidi anaumwa na jino, lakini hii ya hasira haijawahi kumfikia. Akataka aelezwe. Mghoi akaeleza kwa ile sauti yake ndogo kwamba kwao mtu mwenye hasira na nduguye haishi kuidhuru nyumba yake kwa hasira hiyo, na mama huyu hataki kusema habari za maji ya baba yao akiwa nayo moyoni. Akaomba familia ipewe nafasi ya kutasa. Jaji akafikiri, akatupa wiki moja, akaongeza kuwa hakuna wiki ya pili.

Mimi si Mtaita, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa. Kutasa ni kuitoa hasira. Mtu anachukua maji kidogo mdomoni, zamani hata pombe ya miwa, anayanyunyiza nje kwa mdomo huku akisema kilichomuudhi na kwamba amekiachilia. Akishasema hivyo mbele ya wenzake, kimetoka. Hawezi kukirudia kesho. Nilikuwa nimesikia habari hizo tangu utotoni, kwa majirani, na sikuwahi kufikiri kwamba zinanihusu.

Pale nje kwenye baraza la korti nilimpasukia Mghoi. Nilimwambia amenivunjia heshima, amegeuza korti kuwa jikoni kwao, na kwamba kwa wiki hiyo moja mvua itanyesha na kesi imekwisha. Watu walikuwa wanapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia, hakujitetea haraka. Kisha akasema, "Mama, ningemlazimisha angesema. Lakini jaji angesikia chuki, asisikie maji."

Nikazidi kukasirika. Nikamwonya asithubutu kupanda Mbololo wiki hiyo. Mzee Maghanga ni shahidi wa upande wa pili, na wakili anayemnong'oneza shahidi wa wenzake anajivua joho mwenyewe. Mghoi akaniambia kwamba hata hakuwa na nia ya kwenda, hilo ni la watoto wa baba mmoja. Na kweli hakwenda. Alikaa ofisini wiki nzima akifanya kazi nyingine, tunasalimiana kwa kichwa tu. Nawaambia hili kwa sababu liko katika kazi yenu: njia ya mkato ilikuwa wazi mbele yake, nyumbani kwao kabisa, na hakuikanyaga.

Mvua haikunyesha. Joto lilizidi, vumbi likajaa mpaka kwenye chai. Siku ikafika.

Wakesho alipanda kizimbani mtu mwingine. Kabla ya yote alimsalimu kaka yake, naye akaitikia, kisha mzee akatolewa nje asubiri zamu yake. Mama yule alieleza maji yale kwa utulivu, jiwe unalokanyaga ukiinama, jinsi yanavyotoka baridi hata mwezi wa joto, jinsi mama yao alivyowakataza kufulia pale. Nilifurahi. Furaha haikudumu. Wakili wa kampuni alisimama na swali moja zuri, na lazima nimpe haki yake: je, tangu ua ulipowekwa umewahi kuingia ukaona maji kiangazi hiki? Wakesho akasema hapana, hajaingia. Basi, wakili akakaa. Ushuhuda wetu ukawa wa zamani. Nilimwona jaji akiandika, na nikajua anaandika nini.

Ikaja zamu ya Mzee Maghanga. Suti ya Jumapili, kofia mkononi. Wakili wake akamwonyesha taarifa yake, akamuuliza kama ni yake. Akasema ni yake. Sauti ilikuwa ya mtu anayemeza kidonge kikavu. Wakili akamkabidhi kwetu.

Nilimsogelea Mghoi nikamnong'oneza amuulize habari za kukodisha shamba, atie shaka kidogo, akae. Mambo ya salama. Akaitikia kwa kichwa, akasimama.

"Shikamoo mzee."

Watu wakacheka kidogo. Mzee akaitikia marahaba. Mghoi akamuuliza kama wiki hii yeye na dada yake walitasa. Wakili wa kampuni akaruka kupinga, mila zinahusiana nini na leseni? Jaji akasema yeye ndiye aliyetoa wiki hiyo, na angependa kujua ilitumikaje. Mzee akasema ndiyo, walitasa.

Hapo nikaona anakoelekea, nikaogopa. Kwa sababu hakulijua jibu. Hakuwepo. Hakuuliza mtu, nilimkataza, naye akatii. Maji ya kutasia yangeweza kuwa ya tangi, ya duka, ya mtungi ulioletwa na bodaboda kutoka Voi. Mzee angetamka neno moja tu, "dukani," na mteremko mzima ungebaki bila maji, na sisi tungekuwa tumemsaidia. Nilimvuta joho kwa nyuma. Sikuwa nimewahi kumvuta wakili joho kortini tangu nizaliwe. Hakugeuka.

"Mzee, maji mliyotasia mliyateka wapi?"

Mzee Maghanga akaigeuza kofia yake. Akamtazama wakili wa kampuni, akatazama chini, kisha akamtafuta dada yake kwa macho mpaka akamwona. Feni ya juu ilikuwa inalia. Nilikuwa naomba, na sioni haya kusema hivyo.

"Niliyateka mimi," akasema. "Nilifungua lango nikaingia. Niliyateka pale kwa baba."

Mghoi akamuuliza kama yalikuwepo ya kuteka.

"Yalikuwepo, mwanangu. Hayajawahi kukatika." Akavuta pumzi. "Hasira nilishaitoa kwa maji hayo hayo. Siwezi kuyakana tena."

Mghoi akasema asante, mzee, akakaa. Hakuongeza swali. Mimi ningeongeza matano, ningemkamua yule mzee mpaka aaibike, na labda ningeharibu. Yeye alikaa akafunga kalamu.

Jaji alimkaripia mzee kwa ile taarifa ya kwanza, akamwambia bahati yake ni kwamba amejirekebisha mwenyewe. Kesho yake akapanda Mbololo, viatu vya kawaida miguuni, akainama akagusa maji kabla mvua haijafika. Hukumu ilipotoka, leseni ilifutwa, na baruti ikapigwa marufuku katika mwamba ule. Kampuni haikukata rufaa. Ua uling'olewa, na nasikia seng'enge zake sasa zinazuia mbuzi kula mahindi ya mtu.

Jioni moja baadaye nilimuuliza Mghoi alijuaje. Akaniambia hakujua. Alijua tu mambo mawili: lango lina ufunguo mmoja, na watoto wa baba mmoja wakitaka kupatana, watatamani maji ya baba yao kuliko ya duka. Lililobaki alimwachia mzee mwenyewe. Alisema mtu aliyetoka kutasa hawezi kudanganya juu ya maji yale, na kama angeweza, basi yeye Mghoi hawajui watu wake na hafai kuwatetea. Sheria ya Mzee Mwadime ilikuwa sahihi, wanangu, na bado ni sahihi, ishikeni. Lakini huyu binti hakuivunja kwa ujinga kama mimi na digidigi wangu. Alikuwa amewajua watu kwa kina ambacho mimi sikukifikia kwa miaka yote niliyoishi katikati yao, na niliona fahari kukaa kiti kilicho karibu naye.

Sasa mnaniuliza lile doa. Nimeona mkilitazama tangu mlipoingia, pale kwenye cheti changu cha uwakili ukutani.

Siku chache baada ya hukumu, Wakesho na kaka yake walikuja ofisini, wamebeba mtungi wa maji ya chemchemi kama zawadi. Tukanywa, tukashukuru. Wakesho akatuangalia mimi na Mghoi, kila mmoja kwenye meza yake, tunazungumza kazi na hakuna zaidi. Akanimiminia kikombe kingine, akaniambia siku ile barazani alinisikia nikimpasukia mtoto, na anaona hasira ile bado ninayo.

Nilibisha. Nikasema mimi ni Mwanglikana, nimeapishwa mbele ya majaji, na hapa ni ofisini. Mama yule hakubishana nami. Aliendelea kukishika kikombe mbele yangu mpaka mkono wake ukaanza kuchoka, nikaona aibu, nikakipokea.

Maji yalikuwa baridi kweli, kama alivyosema kizimbani. Nikayashika mdomoni, nikamtazama Mghoi. Nikagundua kwamba hasira yangu haikuwa ya lile ombi la kuahirisha kesi. Ilikuwa ni kwamba nilimfundisha kila nilichokijua, na bado akawa na kitu ambacho sikumpa mimi. Nikayanyunyiza. Sikujua kupima, mgeni mimi, yakaruka mpaka ukutani, yakakilowesha cheti changu. Nikasema kwa sauti, mbele ya wazee wale wawili, kwamba kama nina chochote juu ya mtoto huyu kitoke, na anipite.

Mghoi alitaka kukifuta kile cheti. Nilimkataza. Mwaka uliofuata nilimkabidhi ufunguo wa ofisi nikaja kukaa hapa na magoti yangu na cheti hicho. Amenipita, wanangu. Nasema hivyo kwa kila anayekuja, na sina kinyongo.